Redio ya sebuleni au hedifoni za kila mtoto? Ulinganisho kwa familia za Dar

Familia nyingi za Dar es Salaam zikipata hela ya kununua kifaa cha sauti, ubishi huanzia sebuleni. Baba anataka redio inayoshika stesheni vizuri. Kijana wa kidato cha tatu anataka hedifoni zisizo na waya. Mama anataka kitu cha kupigia kaswida au kwaya akiwa jikoni. Bibi, aliyekuja mjini kwa ajili ya kliniki Muhimbili, anataka asikie taarifa ya habari bila kuuliza kila mara msomaji kasema nini. Hela yenyewe inatosha kifaa kimoja, vikizidi viwili.

Ulinganisho huu ni wa nyumba ya namna hiyo. Msimamo wangu nauweka mapema ili ujue ninakoelekea: kinunuliwe kwanza kifaa ambacho nyumba nzima itakisikia, vya masikioni vifuate baadaye, tena kwa masharti. Vijana watanibishia, na hoja zao zina uzito. Nitazipa nafasi yake.

Tulivyolelewa, na wanavyolelewa

Aliyekulia Dar kabla ya katikati ya miaka ya 1990 alikulia kwenye sauti moja. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Stesheni binafsi zilikuja baada ya sheria ya utangazaji ya 1993. Televisheni haikuwepo Tanzania Bara mpaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa miongo mingi jambo likitokea nchini mtu alilijua kwa masikio, na alilijua pamoja na jirani yake. Mdundo wa ngoma ukilia kabla ya taarifa ya habari, watoto tulinyamazishwa. Matangazo ya vifo yakisomwa, mama alisimama na mwiko mkononi asikilize kama kuna jina la mtu wa kwao. Kwa ajili yetu watoto kulikuwa na Mama na Mwana, hadithi zikisimuliwa na Debora Mwenda, na hakukuwa na kurudisha nyuma. Ukichelewa dukani ulikotumwa, hadithi imekupita. Unaomba mwenzako akusimulie.

Kusikiliza pamoja kuliwahi kuwa hata njia ya kuleta maendeleo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Miaka 20 baadaye ukaja mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Wasikilizaji wa eneo la Dodoma hawakurushiwa mchezo huo mpaka 1995, ili watafiti wapate pa kulinganishia. Moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba waliousikiliza waliongea juu yake na wenzi wao na marafiki zao. Sehemu inayofuata ya mchezo ilikuwa bado haijarushwa, na katikati hapo kulikuwa na siku za kuongea. Mzazi anayekasirika leo mtoto akikaa mezani na hedifoni masikioni ametoka kwenye malezi hayo. Kwake sauti ikiwa ya mtu mmoja pekee, kuna aliyetengwa.

Mtoto wa leo wa Mbagala au Tabata hakuyakuta hayo. Sauti yake inaishi kwenye simu: anaisimamisha, anairudia, anairuka, anaiongeza kasi. Muziki wa singeli, uliozaliwa uswahilini hapahapa mjini, unakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na watoto wanaucheza bila kuhema. Simulizi ndefu, ambayo sisi tungeingojea miezi, wao wanaimaliza usiku mmoja. Tangu mwaka 2021 WhatsApp inamruhusu mtu kusikiliza ujumbe wa sauti kwa kasi mara mbili, na kwa vijana wengi huo ndio mwendo wa kawaida.

Nyumbani kwangu nimeyaona matokeo yake. Mama yangu hutuma sauti kutoka Korogwe. Huanza kwa salamu, huuliza hali ya kila mjukuu kwa jina, hueleza mvua na mahindi, ndipo afike kwenye lililomfanya ashike simu. Binti yangu aliubonyeza ujumbe wake kwa kasi mara mbili, akauelewa wote, akaanza kunieleza. Nikamwomba akae tuusikilize upya kwa mwendo wa bibi mwenyewe. Safari hii alisikia kilichofutwa na ile kasi: bibi alinyamaza kidogo kabla ya kusema mguu haujambo. "Mama, bibi hajapona," akasema, akampigia palepale.

Lakini binti huyohuyo hujisomea bailojia kwa masomo yaliyorekodiwa. Sentensi ngumu huirudia mpaka ikae kichwani, kisha anaandika. Sisi hatukuwa na nafasi hiyo. Mwalimu wa redioni akishasema, amesema. Mzazi asilidharau jambo hili anapolinganisha vifaa. Uwezo wa kurudia ni faida kubwa kuliko zote ambazo watoto wetu wamepata kwenye sauti, na kifaa kisichoweza kurudia hakitawatosha.

Redio ya FM yenye betri

Hiki ndicho ninachokiweka mbele. Redio ndogo zinazouzwa Kariakoo siku hizi nyingi hushika FM, zina tundu la fleshi na la memori kadi, na zina betri ya kuchaji ndani; nyingine zina na kioo cha sola. Kifaa hicho kimoja kinambeba baba na stesheni yake, mama na kwaya zake kwenye fleshi, na mtoto na masomo yake kwenye memori. Sauti yake ni ya wastani, na hilo ni jema.

Faida yake ya kwanza ni kwamba haili bando. Ya pili ni umeme. Luku ikiisha saa mbili usiku, au umeme ukikatika mtaa mzima, redio ya betri inaendelea. Wakubwa tunakumbuka betri zikianikwa juani zipate nguvu kidogo ya kumalizia taarifa ya habari. Sasa ni kuchaji tu mchana.

Ya tatu wapenzi wa mpira wanaijua vizuri. Siku ya Simba na Yanga, anayesikiliza redio kwenye FM hupata goli kabla ya anayesikiliza stesheni ileile kwa intaneti. Sauti ya intaneti hukatwa vipande, hupitia kwenye seva, na simu hujiwekea akiba kabla ya kuicheza. Kuchelewa kwa nusu dakika ni jambo la kawaida. Kijana anasikia mtaa umelipuka wakati kwenye hedifoni zake mpira bado uko katikati ya uwanja. Na mtangazaji wa redio anachora uwanja kwa maneno. Wazazi waliomsikiliza Ahmed Jongo au Charles Hilary walimwona winga anavyochomoka pembeni bila picha yoyote. Mtoto aliyezoea kioo huona tabu mwanzoni kusikiliza hivyo. Mpe mechi kadhaa akiwa na baba yake, ataanza naye kuona.

Ubaya wake upo. Stesheni ndiyo inayopanga saa, na kipindi kizuri cha watoto kinaweza kurushwa mtoto akiwa bado kwenye foleni ya daladala. Matangazo ya kubeti nayo huingia mpaka sebuleni mchana kweupe. Hapo faida ni moja tu: mzazi anayasikia pia, na anaweza kusema neno palepale. Yanayopita kwenye hedifoni za mtoto hayajui kabisa.

Sabufa

Sitakaa sana hapa. Sabufa inapendeza kwenye shughuli, na kwa mwenye nyumba yake yenye uwanja ni burudani halali. Kwa nyumba ya kupanga, vyumba vinavyotazamana na ukuta mmoja katikati, besi inapita ukutani kumfikia mtoto wa jirani aliyelala na mgonjwa aliyerudi hospitali. Inategemea umeme wa ukutani, Luku ikiisha nayo imenyamaza. Kwa mazungumzo ni kifaa kibaya: besi nzito hufunika maneno, na ndiyo maana taarifa ya habari kwenye sabufa husikika kama mtu anaongea ndani ya pipa. Kama tayari ipo nyumbani, shusha besi na pandisha sauti nyembamba wakati wa kusikiliza maongezi. Kama bado, kwa hela hiyohiyo nunua redio, kinachobaki kifanye jambo lingine.

Spika ndogo ya Bluetooth

Hii ni daraja zuri kati ya vizazi viwili, kwa sharti moja. Kijana anacheza kilichomo kwenye simu yake, lakini wote wanasikia. Watoto wenyewe huanza kuchagua vizuri zaidi wakijua baba yupo chumbani, na baba naye anajikuta akiuliza huyu msanii ni nani. Sharti ni kwamba awepo mwenye simu na chaji. Kijana akitoka, muziki umetoka naye, na bibi amebaki na spika isiyojua kufanya kitu peke yake. Zipo spika zenye FM ndani. Ukiipata ya hivyo, tofauti yake na redio niliyoisifia inakuwa ndogo sana.

Hedifoni: hapa tukae

Wazazi wengi wanazipinga kwa sababu isiyo sahihi, wakiona ni dharau au kujitenga. Kijana anayesomea chumba kimoja na wadogo zake watatu, televisheni imewashwa na jirani anapiga sabufa, anazihitaji kweli. Kwake hedifoni ndizo mlango wa chumba ambacho hana. Anayezinyima kabisa amnyime akijua anamnyima nini.

Hoja nzito ni ya masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria vijana zaidi ya bilioni 1 wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Viwango vyake vya kusikiliza kwa usalama, vilivyotolewa pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mwaka 2019, vinasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo 40. Na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Piga hesabu ya mtoto: desibeli 78, saa 20, desibeli 81, saa 10, desibeli 84, saa 5 tu kwa wiki nzima. Kwa hiyo hedifoni za watoto zilizoandikwa kwamba haziendi juu ya desibeli 85 si ruhusa ya kuzivaa kutwa. Kwa kiwango hicho cha juu, muda wa wiki nzima unaisha kwa safari chache za shule.

Na safari za Dar zina kelele. Ndani ya daladala injini inaunguruma, konda anaita vituo, abiria wanaongea kwenye simu. Mtoto anapandisha sauti ashinde kelele hizo, na hapo ndipo anapojiumiza bila kujua. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri husaidia, kwa kuwa hazimlazimishi kupandisha. Lakini zinazoziba zina hatari yake akishuka: barabara ya Morogoro ina njia ya Mwendokasi tangu 2016, na basi lile haliji na kelele za kukushtua. Bodaboda hutokea upande usioutarajia. Sheria ya nyumbani kwangu ni fupi: ukikanyaga chini, zinatoka zote mbili, mpaka ufike getini.

Jaribio rahisi la sauti: mtoto akiwa amezivaa, simama umbali wa mkono mmoja umwongeleshe kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia kabisa, au wewe ukisikia mashairi ya wimbo wake, imezidi. Simu nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti; kiwekeni wewe na mtoto mkikaa pamoja, siyo kwa kumvizia.

Upande wa wasio na simu janja, kitochi nacho hushika FM, na mara nyingi waya wa hedifoni ndiyo antena yake. Aliyenunua zisizo na waya ataambiwa na simu achomeke hedifoni kwanza. Babu wengi hutembea na kitochi chao hivyo, waya ukining'inia kifuani na redio ikiongea kupitia spika ya simu.

Masikio ya wazee

Ugomvi wa "punguzeni" na "ongezeni" hauletwi na ukaidi peke yake. Umri unapokwenda, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, na ndimo zilimo konsonanti kama s, f, sh na th. Irabu zinabaki zikisikika vizuri. Matokeo yake mzee anasikia kwamba mtu anaongea, lakini maneno hayashiki, hasa kukiwa na muziki chini ya mazungumzo kama wafanyavyo watangazaji wengi wa leo. Akiongeza sauti, besi inaongezeka pia, maneno yanabaki palepale, na watoto wanaziba masikio.

Kwa hiyo kifaa cha mzee kiwe karibu naye kuliko kuwa kikubwa. Redio ndogo mezani pake, umbali wa kuifikia kwa mkono, inamfaa kuliko spika kubwa iliyo ukuta wa pili. Vitufe viwe vikubwa, vya kuhisi kwa kidole, na stesheni anayoipenda iwe imewekwa tayari. Akiendelea kuuliza hata hapo, huo ni wakati wa kumpeleka apimwe masikio.

Bando linasemaje

Kusikiliza kwa intaneti kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde kunakula takriban MB 58 kwa saa. Saa mbili kwa siku ni karibu GB 3.5 kwa mwezi, kwa mtoto mmoja. Ukishusha ubora mpaka kilobiti 64, matumizi yanakuwa nusu, na kwa maongezi huoni tofauti kubwa. Simulizi zinazochezwa kama video hula mara kadhaa ya hapo, hata simu ikiwa mfukoni na hakuna anayetazama. Pakueni penye Wi-Fi, wekeni kwenye memori, sikilizeni bila intaneti. Kwenye FM hesabu hii haipo.

Nani anunue nini

Wenye watoto wadogo, ambao hawajaanza au ndio wameanza shule ya msingi, wanunue redio yenye fleshi na waishie hapo. Mtoto wa umri huo anajifunza Kiswahili kwa kusikia wakubwa wakijibu redio: baba anapobishana na mchambuzi wa mpira, mama anapoguna kwa habari ya bei ya sukari. Hedifoni humwachia maneno bila watu.

Wenye vijana wa sekondari wanunue redio, na mwezi mwingine hedifoni moja nzuri ya waya kwa kila anayesoma, badala ya zile zisizo na waya za bei ya chini ambazo upande mmoja hufa mapema. Mkubaliane na saa moja ya jioni ambayo hazivaliwi. Kwetu ni wakati wa chakula. Redio inawashwa kwa sauti ya chini, na kila mtu, kuanzia mdogo, ana siku yake ya kuchagua stesheni au cha kucheza kutoka kwenye memori. Siku ya mdogo tunasikia singeli na wali, na baba yao ameshajua majina ya wasanii.

Mnaoishi na mzee, kifaa cha kwanza kiwe chake. Wengine watakizunguka wenyewe. Anayeishi peke yake geto, anayetoka alfajiri na kurudi usiku, hana haja ya kunisikiliza kuhusu sebule: hedifoni nzuri na simu yenye FM zinamtosha.

Ukifika Kariakoo

Muuzaji atakuwekea muziki wa besi nzito, kwa sauti ya juu, kwa sababu kila spika hupendeza hivyo. Mwombe aweke stesheni wanayosoma magazeti. Apunguze mpaka kiwango cha mtu anayeongea, nawe urudi nyuma hatua kadhaa. Maneno yakikufikia katikati ya zile kelele za mtaa, jikoni kwako yatafika. Chomeka fleshi yako mwenyewe, siyo ya dukani. Chomoa waya wa umeme uone kama betri inashika au kifaa kinazima papo hapo. Zungusha kitufe cha stesheni taratibu kutoka 88 mpaka 108 uhesabu zinazoshika bila mkwaruzo ukiwa umekunja antena, maana nyumbani hakuna atakayeinyoosha kila siku. Chukua risiti, na muuzaji aandike nyuma yake una siku ngapi za kurudisha.